Msokoto Mmoja wa Kamba

Apolonia alikuwa mtu wa kufumua. Mshono ambao wenzake waliupitisha kwa kuutupia jicho, yeye aliuvuta kwa vidole viwili, na kama uzi mmoja ulikaa upande, aliufumua wote akaanza upya. Katika chuo cha ufundi cha misheni, nje kidogo ya mji wa Iringa, alikojifunza kushona turubai na ngozi kwa miaka miwili, mwalimu wake alimwambia kwamba atachelewa kila aendako, lakini atakachokiacha nyuma yake hakitaachia. Apolonia aliendelea kufumua. Hakuwa msemaji. Alizaliwa Kihesa katika nyumba yenye dada wanne waliozungumza wote kwa pamoja, na yawezekana kwamba alipofika yeye, wa tano, maneno yalikuwa yameshagawanywa.

Jambo la pili lililojulikana juu yake ni kwamba aliogopa mahali pa juu. Hakupanda ngazi. Hakuchungulia kisimani. Watu walimtafutia kisa: labda alianguka utotoni, labda aliona mtu akianguka. Hapakuwa na kisa. Hofu ilikuwa ndani yake kama wengine wanavyozaliwa kutumia mkono wa kushoto, bila sababu na bila aibu, alimradi asilazimishwe kupanda.

Kwa hiyo wengi walishangaa, mwaka 1974, waliposikia kwamba amepata kazi katika kambi ya barabara iliyokuwa Kitonga, upande wa kuteremkia Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo wanaume walining'inizwa magengeni kwa kamba. Lami ilikuwa bado mpya. Malori ya Zambia yalipanda mlima yakikoroma mchana kutwa, na kila baada ya mvua, jabali lililochongwa ili kupisha barabara liliachia mawe. Kazi ya kikosi ilikuwa kuyawahi mawe hayo. Barabara ilifungwa, mtu mmoja akashuka kwa kamba kutoka juu ya genge akiwa na mtaimbo, akayabandua yaliyolegea kabla hayajajibandua yenyewe juu ya kichwa cha msafiri.

Apolonia hakutakiwa kupanda wala kushuka. Mahali pake palikuwa stoo, kibanda cha mabati kando ya barabara, akishona mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani, na kuunga vitanzi vya kamba. Aliamini kwamba hapo chini yuko mbali na hofu yake. Haikuchukua wiki kugundua kwamba hajawahi kuwa karibu nayo kiasi hicho. Kila alichokishona kilitoka mlangoni asubuhi, na saa moja baadaye mtu mzima alikuwa ananing'inia mwisho wake. Alijizoeza kutotazama juu. Alifika stoo akitazama chini na kuondoka akitazama chini, na watu wakamdhania ana maringo.

Mkuu wa kamba alikuwa Mzee Jailos, Msafwa wa Mbeya, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Ujuzi wake aliupata ujanani, alipokuwa akimbebea vifaa bwana mmoja mpima ardhi ambaye siku za Jumapili alipanda miamba ya milima ya Mbeya kwa kupenda tu. Ni Mzee Jailos aliyemfundisha Apolonia namna mtu anavyofungwa juu ya genge. Alimfundishia palepale stoo, juu ya meza, kwa misumari miwili aliyoigongomea ubaoni.

"Kigingi kimoja hakitoshi," alisema. "Mwamba ni mwongo, mwanangu. Unaugonga juu unalia vizuri, kumbe ndani umeoza. Kwa hiyo tunachimbia vigingi viwili vya chuma. Lakini ukitoa kamba moja huku na moja huku, ukazifunga pamoja, mtu akisogea kushoto mzigo wote unalalia kigingi kimoja, mwenzake anapumzika. Sasa tazama."

Alikizungusha kitanzi kwenye misumari yote miwili, kikawa kama mstatili mrefu wa kamba. Katikati akatundika pete ya chuma yenye mlango wa skrubu, akaivuta kwa kidole. Alipoivuta kushoto, pete iliteleza juu ya kamba ikamfuata; alipoivuta kulia, ikamfuata; na kila upande ilikokwenda, kamba za misumari yote miwili zilikaza sawasawa.

"Hii naiita mizani," alisema Mzee Jailos. "Inajigawa yenyewe. Wewe huna haja ya kuigawa."

Mlangoni alikuwa amesimama Masunga, kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulikuwa umehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini hadi bonde la Usangu. Yeye ndiye aliyemsaidia Mzee kule juu. Uso wake ulichangamka.

"Nira hiyo, Mzee! Ng'ombe wawili, plau moja. Akitegea huyu, unamwona."

"Umesema," Mzee Jailos alimjibu. "Haya, nenda kawasaidie wenzako kupandisha vyuma."

Masunga akaenda. Alipokwisha kuondoka, ndipo Mzee alipoufikia upande wa pili wa somo. Aliushika msumari mmoja kwa koleo, akaung'oa. Kitanzi kilifunguka, pete ikakimbia juu ya kamba ikatoka mwishoni na kuanguka mezani kwa kishindo. Apolonia aliruka.

"Huyo ndiye mtu wetu," alisema Mzee Jailos taratibu. "Amekwenda. Na kigingi cha pili bado kimesimama, kizima kabisa."

Aliurudisha msumari, akakivisha kitanzi tena. Safari hii, kabla ya kuweka pete, aliukamata mmoja wa mikono miwili ya kamba iliyopita kati ya misumari, akausokota nusu mzunguko, pakafanyika kijicho. Akaipitisha pete kwenye kijicho hicho na kuukumbatia mkono wa pili wa kamba. Pete iliteleza kushoto na kulia kama mwanzo. Lakini msumari ulipong'olewa, iliteleza hadi mwisho wa kitanzi ikanaswa.

"Msokoto," alisema. "Kitu kidogo hivyo. Ukiusahau, umemtundika mtu hewani."

Wiki hiyo Apolonia aliurudia msokoto ule mezani hadi vidole vikaufanya vyenyewe. Aliufanya macho yakiwa wazi, aliufanya yakiwa yamefumba. Hakuwahi kufikiri kwamba angeuhitaji. Aliufanya kwa sababu hakuweza kukaa karibu na kitu cha kutisha hivyo bila kukijua chote.

Mwezi wa tatu Mzee Jailos alishikwa na homa. Siku ya pili hakuweza kusimama, wakamlaza nyuma ya lori lililokuwa linapandisha Iringa, hospitalini. Alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Alimwita Apolonia kwa kiganja.

"Kesho Masunga atafunga mizani peke yake. Amenitazama mara nyingi, anajua. Wewe mkumbushe msokoto tu. Mkumbushe msokoto."

"Ndiyo, Mzee."

Asubuhi iliyofuata mshukaji wa kamba, Andendekisye, alifika stoo kuchukua mkanda wake. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Salamu ya Kihehe alikuwa amejifunza kwa ajili ya kumchokoza Apolonia tu.

"Kamwene, mama wa vitanzi! Leo umenishonea cha kiuno au cha shingo? Maana ninyi Wahehe na kamba, mkiudhika kidogo mnajitundika, watu wanawaogopa."

"Cha kiuno," alisema Apolonia bila kuinua macho. "Cha shingo kingekuwa tayari zamani, nawe ungekuwa kimya."

"Umesikia, Masunga? Huyu akisema mara moja kwa mwezi, anasema la kuua!"

Masunga alicheka. Alikuwa amekwisha kubeba vitanzi begani. Kiswahili chake alikipata ukubwani, minadani na njiani, na alikisema taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Apolonia aliona muda umefika.

"Kaka Masunga."

"Naam, dada."

"Mzee amesema usisahau msokoto."

Masunga alisimama, akamtazama kwa mshangao wa furaha, akaupigapiga mfuko wa shati lake. "Nitausahauje, dada? Bila huo sikai kule juu hata dakika moja."

Jibu hilo lilimridhisha Apolonia. Ilimpitia akilini aongeze: ule wa kwenye kamba, kabla ya kuweka pete. Lakini ingeonekana kwamba anamfundisha mwanamume kazi yake mbele ya mwenzake, na hakuwa mtu wa kuongeza. Alirudi kwenye sindano yake. Wanaume wawili waliondoka, wakashika njia ya mbuzi iliyozunguka nyuma ya genge.

Ilikuwa yapata saa nne alipoingia Roza, mwanamke wa Kisukuma aliyepika uji wa kambi, akiwa na kikombe mkononi na kicheko usoni.

"Wewe Apolonia, kumbe unavuta?"

"Kuvuta nini?"

"Tumbaku! Usinifiche mimi. Shemeji yangu Masunga kapita kwangu asubuhi anacheka peke yake. Eti yule dada wa stoo asiyesema na mtu, leo kafungua kinywa kunikumbusha msokoto wangu. Eti hata Mzee Jailos huko kitandani na homa yake bado anauwaza. Nikamwambia basi ongeza wa pili, kama unapendwa hivyo. Kakaa hapo, kaisokota miwili, mmoja kaweka mfukoni, mmoja…"

Roza aliendelea kusema, ila Apolonia hakusikia. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya turubai. Alikiona kiganja cha Masunga kikipiga mfuko wa shati. Alimwona akiondoka mlangoni siku ile ya misumari, akiwa ameijua nira na hajaujua msokoto. Na siku zote nyingine kule juu, Mzee mwenyewe ndiye aliyeweka pete, kwa viganja vile vipana ambavyo vilificha kila kilichofanyika ndani yake.

Alitoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, aliinua kichwa akatazama juu.

Genge lilisimama kama ukuta usio na mwisho. Katikati yake, kwenye kamba iliyoonekana nyembamba kama uzi wake mwenyewe, Andendekisye alikuwa amekita miguu yake mwambani, akilichokonoa kwa mtaimbo jiwe lenye ukubwa wa kabati. Aliegemea kushoto akasukuma. Akaruka kidogo, akaegemea kulia, akasukuma. Apolonia hakuweza kuiona pete, lakini aliijua inafanya nini. Inamfuata kushoto. Inamfuata kulia. Mizani ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha, maana pete ilikuwa huru, na hapakuwa na kitu cha kuizuia kama kigingi kimoja kingetoka.

Kupiga kelele hakungesaidia. Mashine ya kutobolea mwamba ilikuwa inanguruma kwenye kona ya chini, na msimamizi wao, Crispin, alikuwa huko. Hata kama Andendekisye angesikia, angefanya nini? Angepanda au angeshuka kwa haraka, na yote mawili yangeitikisa kamba kuliko kazi aliyokuwa anaifanya.

"Roza. Chukua bendera nyekundu. Iinue juu, usiishushe."

"Kuna nini? Mbona umebadilika hivyo?"

"Nyekundu maana yake asisogee. Akikutukana, mwache atukane. Asisogee tu."

Aliivuta kamba ya akiba ukutani, akaivaa begani. Akachukua na kipande cha kamba nyembamba, kile ambacho Mzee alikitumia kumfundishia mezani fundo alilolipa jina la kupe, kwa jinsi linavyouma kamba nyingine likivutwa. Halafu akaishika njia ya mbuzi.

Baadaye hakukumbuka mengi ya njia ile. Alikumbuka mikono yake mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoitazama: mkono mmoja kwenye jiwe, mmoja kwenye shina la kichaka. Kila alipofika mahali ambapo kichaka kilikatika na bonde la Lukosi kuonekana chini yake, aligeukia mwamba akaendelea kwa kupapasa. Mara moja alikaa chini kabisa. Alikaa akisikiliza. Alichokuwa anakisikilizia ni sauti moja tu, na kwa kuwa haikuja, alisimama tena.

Juu ya genge Masunga alikuwa ameketi, mkono mmoja kwenye kamba kwa uangalifu kama alivyofundishwa, moshi ukimtoka puani.

"Dada! Umepanda mwenyewe? Basi njoo, wa pili ninao, nimekuwekea…"

Apolonia hakuwa na pumzi. Alionyesha pete kwa kidole.

"Msokoto wa kamba," alisema mwishowe. "Wa kamba, kaka. Pale. Kabla ya pete."

Masunga aliitazama pete. Ilikuwa imezishika kamba zote mbili kwa pamoja, zimenyooka, nadhifu, hazina kasoro yoyote ila hiyo. Kisha akautazama msokoto uliokuwa unawaka kati ya vidole vyake. Ukaanguka wenyewe.

"Nitaurekebisha sasa hivi," alisema, akainuka.

"Usiguse!"

Ilikuwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua. Masunga aliganda. Apolonia alikuwa amekiona kigingi cha kushoto. Kwenye shina lake, mahali kilipoingia mwambani, palikuwa na unga mweupe, laini kama wa muhogo. Kamba ilipokaza, kigingi kiliinama kidogo. Kamba ilipolegea, kiliinuka.

Pete yenye uzito wa mtu haifunguliwi. Alilijua hilo. Palihitajika mshiko mwingine, tofauti na vigingi, uibebe kamba ya Andendekisye kabla haijaachiwa. Hatua sita nyuma palikuwa na mwamba uliotokeza ardhini kama nundu ya ng'ombe. Aliizungusha kamba ya akiba hapo mara mbili, akafunga, akavuta kwa uzito wake wote. Nundu haikutikisika. Ilibaki sehemu iliyokuwa mbaya zaidi. Kupe lazima afungwe kwenye kamba yenyewe, mbele ya pete, na mbele ya pete kulikuwa na hatua moja ya mwamba, kisha hewa.

Alilala kifudifudi.

"Nishike miguu, kaka. Usiniachie hata nikikwambia uniachie."

"Sikuachii."

Alijivuta kwa viwiko. Upepo ulipanda kutoka chini ukampiga usoni, na akajua kwamba ukingo umefika. Hakuutazama. Aliizungusha kamba nyembamba kwenye kamba nene, mzunguko wa kwanza. Ukamponyoka. Akaanza upya. Wa kwanza, wa pili. Kwenye wa pili mikono yake ilikataa. Ilisimama tu juu ya kamba kama mikono ya picha, naye akaona barabara chini, nyembamba, na Roza na nukta nyekundu juu ya kichwa chake, na dunia nzima ikaanza kuinamia upande huo.

Alifumba macho. Meza ya stoo ilikuwa mahali pake. Misumari ilikuwa mahali pake. Mzunguko wa pili ukakamilika, wa tatu ukafuata, ncha ikapita ndani, fundo likaumana. Akaivuta ile ya akiba, akaiunga na kupe, akakaza mpaka hapakubaki ulegevu wa upana wa kidole.

Kigingi kilitoka bila kishindo. Kilitoka kama jino lililokwisha kulegea. Kitanzi kikafunguka, pete ikakimbia juu ya kamba kama ilivyokimbia mezani, ikatoka mwishoni, ikapiga mwamba karibu na sikio la Apolonia. Kamba nene iliteremka kiasi cha shubiri moja. Kupe akauma. Ile ya akiba ikalia kwa kukazwa, kisha kila kitu kikatulia.

Kutoka chini ilipanda sauti ya Andendekisye. "Jamani! Jamani huko juu, mnacheza?" Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Mama yangu wee."

"Andendekisye!" Apolonia aliita, macho bado yamefumba. "Kigingi kimetoka, lakini umeshikwa. Umeshikwa kwenye mwamba mwingine, na kamba nimeifunga mwenyewe. Uache mtaimbo. Shuka hadi barabarani, polepole, usiruke, usisimame ghafla. Unanisikia? Jibu kama unanisikia."

"Nakusikia, dada."

Hakuna mtu kambini aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mfululizo. Alifumbua macho akamtazama kupe, akamtazama bila kupepesa, hadi kamba nene ilipolegea na kulala mwambani bila uzito. Ndipo Masunga alipomvuta kwa miguu.

Masunga alikaa chini akashika kichwa.

"Nimeua mtu."

"Hajafa."

"Nimemuua, dada. Wewe ulisema msokoto. Ulisema wazi, Andendekisye shahidi."

"Nilisema neno moja," alisema Apolonia. "Palihitajika maneno kumi. Tisa nilibaki nayo mwenyewe."

Wangetamani siku iishie hapo. Lakini jiwe lile la ukubwa wa kabati lilikuwa limechokonolewa nusu. Lilikuwa limeachana na ukuta upande mmoja, na upande wa Ilula mawingu yalikuwa yameanza kushikana. Malori yalikuwa yamepanga foleni pande zote mbili, na basi moja lililojaa watu lilisimama jua kali likipiga. Crispin alipanda njia ya mbuzi pamoja na Andendekisye. Alikitazama kigingi kilicholala mwambani, akavua kofia.

"Ndugu zangu, poleni," alisema. "Sina namna nzuri ya kulisema hili. Lile jiwe siwezi kuliacha likanyeshewe, na siwezi kufungua barabara chini yake. Kuna mtu mmoja tu hapa anayeweza kulimaliza, na sitamlazimisha."

Andendekisye alikuwa amelishika paja lake la kulia kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa halitulii. Alijaribu kutabasamu.

"Nitashuka. Ila nani anafunga?"

Masunga alirudi nyuma hatua moja.

"Afunge dada," alisema Andendekisye. "Na anayesema shuka awe yeye. Si wewe, ndugu msimamizi. Yeye."

Walitoboa matundu mapya kwenye mwamba usio na ufa, Apolonia akiugonga kila mahali kwa nyundo na kuusikiliza kwa umakini uleule aliokagulia mishono. Vigingi vilipoingia, alikitwaa kitanzi kipya, akafunga mizani akisema kwa sauti kila alichokifanya. "Huu ni mkono wa juu wa kamba. Nausokota hivi, nusu mzunguko. Hiki ni kijicho. Pete inapita hapa ndani, siyo juu." Masunga alirudia baada yake kwa Kiswahili chake cha kukanyaga mawe, kisha akaambiwa afumue na afunge mwenyewe, kisha afumue tena. Kamba ya akiba ilibaki kwenye nundu, na kupe wake tayari.

Alikagua. Akakagua tena. Alifungua skrubu ya pete akaikaza upya. Alitumaini kwamba akifika ukaguzi wa kutosha hofu itaondoka, naye atajua kwa hilo kwamba kazi ni nzuri. Haikuondoka. Alikagua mara ya nne, na ilikuwa palepale, kubwa kama mwanzo, na akatambua kwa mshtuko kwamba haitaondoka hata akikagua hadi kesho. Mshono ungeweza kufumuliwa. Neno hili, likishatoka, lisingefumulika.

Crispin alitazama mawingu. Andendekisye alikuwa amesimama ukingoni, mgongo kwenye hewa, anamtazama yeye tu. Hakuwa na utani wowote usoni.

"Msokoto upo," Apolonia alimwambia. "Nimeuona, nimeushika, Masunga ameushika. Pete imekazwa. Vigingi vyote viwili nimevigonga. Kimoja kikitoka utashuka kidogo halafu utanaswa, usipige kelele, usiruke. Na nyuma kuna kamba ya tatu." Alikigusa kijicho kwa kidole. "Naogopa. Lakini mimi huogopa hata ngazi. Kamba ni nzuri."

"Sema basi."

"Shuka."

Akashuka. Kichwa chake kikapotea chini ya ukingo. Apolonia alilala kifudifudi kando ya mizani, shavu kwenye mwamba wenye joto, jicho moja kwenye msokoto. Pete ilisogea kushoto, ikatulia. Ikasogea kulia. Alisikia mtaimbo ukigonga, kisha mkwaruzo mrefu, kisha jiwe likapasukia barabarani kwa mshindo uliopita mwilini mwake kutoka chini, na abiria wa basi wakapiga vigelegele. Yeye hakuinua kichwa. Kamba ilikuwa bado na mtu.